Shimo Halijazinduliwa

Anayetaka kukaa akae, anayetaka kusimama asimame, ila hadithi hii haikuja kuchekesha mtu. Imekuja imekasirika.

Zamani, siyo zamani ile ya bibi na sungura, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na nchi. Jina lake usiulize. Jina walikuwa nalo, walishalichonga mpaka kwenye kibao, lakini kibao kilikuwa kimefunikwa kitambaa, kinasubiri mgeni rasmi aje akifunue, na mgeni rasmi alikuwa na ratiba.

Maana nchi ile ilikuwa na sheria nyingi, ila iliyofuatwa ni moja tu: kitu kisichozinduliwa hakipo. Kisima kinachimbwa, maji yanakuja mpaka yanamwagika, hakuna kuchota. Watu wanapita pembeni na ndoo zao wanakwenda kuchota tope mtoni. Daraja linajengwa, watu wanavuka kwa chini, maji ya kiuno, mtoto kichwani, huku wanalitazama kwa juu. Zuri kweli, limepakwa hadi rangi. Kuna shule moja watoto walisomea nje ya madarasa mapya mpaka wakahitimu, wakatoka wanajua kusoma neno moja tu bila kukosea, UZINDUZI, maana ndilo lililokuwa limebandikwa mlangoni. Wakubwa wa nchi ile wakigombana, usidhani wanagombania kujenga. Waligombania mkasi.

Sasa humo aliishi mwanamke anaitwa Nyamizi. Mjane, mfupi, mdomo mrefu. Nyamizi hakumpenda mtu yeyote, na hakukosea, kwa sababu hakuna aliyempa sababu. Aliyempenda ni ng'ombe wake, anaitwa Sikujua. Mwanzo walikuwa watatu. Kiangazi kilichopita wawili walimfia mbele ya macho yake, wamesimama wanalamba ukuta wa nyumba. Sikujua akapona, na sasa ana mimba. Alipona kwa sababu ya ua. Nyuma ya zizi Nyamizi alikuwa na ua wa lukina, ile miti ya vijani vidogovidogo ambayo hata jua lichukie vipi, yenyewe inachipua tu. Miche yake aliiiba mwenyewe kwenye bustani ya wilaya, mchana kweupe, kaifunga mgongoni kwa khanga kama mtoto, akamuaga mlinzi kwa salamu ndefu. Kiangazi anakata matawi kidogokidogo, Sikujua anasukuma siku mpaka mvua.

"Huyu hafi," alijiapiza Nyamizi. "Atazaa, na nitakuwepo."

Basi bwana. Waziri wa Mifugo, Malisho na Mambo Yanayofanana na Hayo, anaitwa Mheshimiwa Bulugu, alisafiri nje ya nchi. Huko akaonyeshwa shimo. Akalipenda sana, akarudi nalo kichwani. Akakusanya watu uwanjani.

"Itifaki imezingatiwa!" alianza. Na kweli ilizingatiwa, jua lilishahama upande mzima wa uwanja wakati wanataja vyeo vya watu, mpaka dereva wa gari la mwisho. "Wananchi! Wenzetu hawalishi ng'ombe hovyohovyo. Wakati wa neema wanakata majani ya miti, wanayakatakata, wanayanyunyizia molasi, ule uji mtamu wa miwa, wanayashindilia shimoni, wanafunika na nailoni, wanayaacha yavundike. Hiyo ndiyo saileji! Kiangazi kikija wanafungua, ng'ombe anakula kama yuko harusini. Na siri ni moja tu. Hewa! Hewa isiingie. Ukishafungua, lisha mpaka iishe. Fungua funga, fungua funga, inaoza!"

Makofi. Hayo maneno yashike hapo hapo. Aliyasema yeye, kwa mdomo wake, kwenye kipaza sauti.

Nyamizi akasimama. "Mheshimiwa, leo unachukua majani unakwenda kuyafukia. Ng'ombe wangu leo anakula nini?"

"Mama yangu," Waziri akacheka, "leo anakula uzalendo."

Uwanja mzima ukacheka.

"Na mavi yake nikuletee nyumbani?"

Hapo hakucheka mtu. Askari mmoja akamshika bega akamkalisha.

Wiki ile ile wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kwa Nyamizi alikuja mtendaji wa kata, anaitwa Kashindye, kijana wa suti moja, amevaa suti hiyo mpaka watu wakasema alizaliwa nayo. Nyuma yake mgambo na mapanga.

"Hodi humu!"

"Humu hamna mtu."

"Mama Nyamizi, nakusikia."

"Unachosikia ni sauti. Mtu hayupo."

"Mama, nimekuja kwa heshima. Ua wako umekuwa mdau wa Shimo la Taifa."

Nyamizi akatoka, mwiko wa ugali mkononi. "Mdau anafanyaje?"

"Anakatwa."

Alipigana. Alimpiga mgambo mmoja mwiko wa pua, akamtukana mwingine mpaka babu yake. Lakini mapanga ni mapanga. Walikata ua wote, vikabaki visiki vimesimama kama meno ya mzee. Wakahamia kwa jirani. Walikata mapapai, walikata mikorosho, walikata mpaka maua ya makaburini, na mti uliokosa majani ulipigwa picha kama msaliti. Sikujua alisimama zizini anatazama chakula chake kinaondoka kwenye tela, akalia mlio mmoja mrefu.

"Usilie, mama," Kashindye alimwambia Nyamizi, na Nyamizi hakuwa analia. "Shimo likifunguliwa wewe ndo wa kwanza. Naapa kwa suti hii."

"Nitaishika hiyo suti."

Na tusiwaonee, shimo lilifanyika vizuri. Wakubwa walikuwa mjini, waliofanya kazi ni watu tu. Walikatakata majani, wakanyunyiza molasi, na kushindilia wakaita vikundi vya ngoma, vikacheza juu yake kutwa, wazee na vijana, mpaka majani yakakaa kimya kama sakafu. Wakafunika nailoni, wakaweka udongo, wakaweka matairi juu. Shimo likalala.

Kiangazi kikaja. Kilikuja kibaya kuliko kile cha kwanza. Nyamizi alimlisha Sikujua maganda ya mihogo mpaka mihogo ikaisha. Akaanza kumlisha paa la jiko. Ndiyo, paa. Lilikuwa la nyasi, akawa anapanda anachomoa, anaziloweka kwenye maji ya chumvi, ng'ombe anatafuna huku anamwangalia kama anamuuliza, kweli mama?

Wa kwanza kufika shimoni na mkasi alikuwa Diwani Lutonja. Uchaguzi ulikuwa unakaribia na yeye hakuwa amefanya kitu tangu ule uliopita. Akafunga utepe, akakata utepe, nailoni ikafunuliwa. Jamani! Ilitoka harufu tamu yenye ukali kidogo, kama togwa ya siku ya pili. Majani yametoka rangi ya zeituni, laini. Ng'ombe waliofungwa mbali huko wakainua vichwa wote kwa pamoja. Watu wakasogea na magunia. Nyamizi akapenya wa kwanza, akatia mkono, akakumba fungu moja kwenye khanga.

Gari likafunga breki. Akashuka Mkuu wa Wilaya, Bi Kalunde, ambaye kwa cheo chake aliitwa Mheshimiwa Sana.

"Lutonja. Hilo shimo limefunguliwa na nani?"

"Na mimi, Mheshimiwa Sana."

"Na wewe ni nani?"

Diwani akatazama viatu vyake. "Mimi si mtu, Mheshimiwa Sana."

"Basi halijafunguliwa. Funikeni."

Likafunikwa. Nyamizi akarudi na lile fungu la kwenye khanga. Alitaka kumwonyesha Sikujua upuuzi wa serikali, amnusishe tu wacheke wote wawili. Sikujua alikula, akalamba khanga, akaanza kuimeza khanga yenyewe, ikabidi wavutane. Nyamizi akakaa chini juu ya ndoo, hasira zikampanda upya. Mwanzo alikuwa anawachukia kwa kumletea kitu kibaya. Sasa aligundua kitu ni kizuri, kizuri kabisa, kina ua wake ndani yake, na kiko chini ya matairi kinasubiri mtu mwenye cheo.

Akaenda ofisini kwa Kashindye, akaishika suti.

"Shimo limefunguliwa. Mimi wa kwanza. Nipe."

"Mama, niachie kola. Shimo limefunguliwa, lakini halijazinduliwa. Hivyo ni vitu viwili."

"Mwambie hivyo ng'ombe."

Bi Kalunde alikuja kuzindua na brasi bendi. Utepe mpya, mkasi mpya. Safari hii shimo lilipofunuliwa lilinuka soksi za askari wa doria, na pembeni kulikuwa na ukungu mweupe kama ndevu. Bado katikati palifaa. Magunia yakasogea. Bi Kalunde yuko katikati ya hotuba, simu ikalia, akasikiliza, akasimama wima, kisha akaanza kuitikia simu kwa kuinama. Mheshimiwa Bulugu alikuwa anauliza nani kampa mkasi.

"Wananchi," alisema, "lililofanyika leo lilikuwa zoezi. Funikeni."

Paa la jiko likaisha. Nyamizi akahamia paa la nyumba, upande wa kitandani.

Akaja Bulugu mwenyewe. Maana Waziri naye ana watu, lazima aonekane. Shimo likafunuliwa mara ya tatu, likatoa mvuke na harufu ya kuku aliyefia darini. Wapiga picha wakarudi nyuma. Nyamizi ndo akapata nafasi ya kusogea mbele, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaitaka.

"Mheshimiwa! Si ulisema hewa isiingie? Fungua funga inaoza, hukusema? Sasa hii inayoingia ni nini?"

"Mama," Waziri alimjibu kwa upole, kitambaa puani, "hii siyo hewa. Hii ni serikali."

Na kabla hajaruhusu gunia hata moja, ikaja taarifa kutoka ikulu. Mkubwa wao wote, anayeitwa Mheshimiwa Kupita Kiasi, amesikia kuna mkasi unatembea nchini bila yeye. Anakuja. Shimo lisiguswe.

Likafunikwa.

Hapo ndo nchi ikaonyesha inaweza kufanya kazi. Barabara ilimwagiwa maji, maji yale yale ambayo watu hawakuwa nayo. Miti iliyobaki vigogo vitupu ikapakwa chokaa mpaka kiunoni, ikasimama barabarani kama vijana wa gwaride waliovuliwa mashati. Na si unajua, mgeni rasmi hawezi kupita hivihivi, lazima apite chini ya geti la majani mabichi. Ndiyo heshima. Bila geti la majani mgeni anaweza kudhani watu hawamtaki, na hilo lilikuwa siri. Tatizo, majani mabichi yalikuwa hayapo, yote yalikuwa shimoni yanaoza. Basi likatumwa lori mpaka mikoa ya milimani kwenye mvua.

Lori lilipita mbele ya nyumba ya Nyamizi, limejaa matawi mabichi, yanadondosha umande, polisi mbele, polisi nyuma. Sikujua aliyekuwa amelala siku zote hizo aliinuka. Miguu inatetemeka, tumbo linamburuza, akatembea mpaka mwisho wa kamba yake akatazama lori linapotea.

Nyamizi hakutukana. Mara ya kwanza maishani mwake alikosa tusi la kutosha.

Jioni Kashindye akaja mbio. "Mama Nyamizi, nyota imekuwakia! Kwenye uzinduzi lazima ng'ombe ale saileji mbele ya kamera. Tumezunguka kata nzima, anayeweza kusimama ni wa kwako tu."

"Ale ule uozo?"

"Aonje. Tumeumwagia molasi juu na manukato kidogo ya mke wa Diwani. Akishapigwa picha, hata akitema, keshazindua."

"Ana mimba, Kashindye. Akila ule uchafu ataitoa na yeye atakufa."

Kashindye akajifuta jasho na tai. "Mama, asipokula, mimi ndo nitakufa. Na ng'ombe watamchukua wampe mwingine amlete. Bora umshike wewe."

Nyamizi akatazama juu. Paa lilikuwa limeisha, aliona mbingu yote kutokea kitandani. "Nitamshika," alisema.

Siku ikafika. Geti la majani lilisimama mbele ya shimo, pana, limenona, matawi yamefumwa mpaka huoni mbao, katikati unaning'inia utepe. Mheshimiwa Kupita Kiasi akapita chini yake taratibu, watu wakapiga vigelegele walivyofundishwa. Akahutubia. Alisema nchi zote zinaonea wivu shimo lile. Alisema yeye akiwa mdogo alilala na njaa, ndiyo maana anaelewa umuhimu wa wengine kulala nayo. Kisha akaamuru shimo lifunuliwe.

Likafunuliwa. Harufu ile haielezeki. Nzi walikuja kutoka wilaya nyingine. Mtu wa tarumbeta alizimia na tarumbeta lake. Lakini meza kuu hakuna aliyeziba pua, kwa sababu mkubwa hakuziba yake, na mkubwa hakuziba yake kwa sababu alidhani ni yeye peke yake anayesikia.

"Naam," alisema, macho yanamtoka machozi. "Harufu ya maendeleo."

"Ya maendeleo!" meza kuu ikaitikia, kwa mdomo uliofungwa.

"Aletwe ng'ombe!"

Nyamizi akamleta Sikujua. Wamemwosha, wamemfunga kitambaa cha rangi za taifa shingoni, mbavu unazihesabu ukiwa mbali. Sikujua akasogea ukingoni, akanusa. Akapiga chafya. Akageuza kichwa kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Msukume," Kashindye alinong'ona. "Mama, nakuomba, msukume."

Baadaye redio ilitangaza kwamba kamba ilimponyoka yule mama kwa furaha. Uongo. Nyamizi aliiachia. Aliiachia, akamtandika Sikujua kofi la mgongo, akamwambia, "Nenda kale."

Sikujua hakuhitaji ramani. Alikwenda moja kwa moja kwenye geti la majani, akalivamia. Anang'oa tawi, anatafuna, anang'oa, anatafuna. Ng'ombe wengine walioburutwa uwanjani kujaza picha, waliokuwa wamelala tu, kuona vile wakainuka, kamba zikakatika. Geti likayumba, likamwangukia Diwani Lutonja, na kwa kuwa alishasema yeye si mtu, hakuna aliyekwenda kumwinua. Ng'ombe wakala wamemzunguka.

Unasikia kutafuna tu. Askari wanaangalia mkubwa, mkubwa anaangalia ng'ombe, Bulugu anaangalia kazi yake inavyomezwa.

"Bulugu," alisema Mheshimiwa Kupita Kiasi. "Kile ni nini?"

Sasa waziri hawi waziri bure. "Mheshimiwa Kupita Kiasi, ile… ile ni awamu ya pili. Saileji ya wima. Haihitaji shimo."

"Na inaliwa!"

"Kama unavyoona, kwa hamu."

"Imeshazinduliwa?"

"Bado, Mheshimiwa. Nani angethubutu?"

Mkubwa akashuka jukwaani, akaenda mpaka kwa Sikujua. Utepe ulikuwa unamning'inia mdomoni pamoja na tawi. Akaukata pale pale, kamera zinawaka. Akaagiza kila kiongozi akipita, popote nchini, ijengwe saileji ya wima, majani yatoke milimani kwa lori. Lile shimo likafukiwa na kuwekewa mnara wa ushindi. Mpaka leo likinyesha mnara unanuka.

Na Sikujua akatangazwa Ng'ombe wa Taifa. Kila mkubwa akataka kupiga naye picha, na kila mkubwa akija, lori linamtangulia. Alikuja Naibu Waziri, geti likaliwa. Alikuja mke wa Naibu Waziri, likaliwa. Walikuja wataalamu kutoka nje kujifunza, wakaandika andika, nalo likaliwa. Kata nzima ng'ombe wakaanza kunawiri, watu wakawa wanagombea wageni. Nyamizi mwenyewe alikuwa anakwenda ofisini kugonga meza: "Kashindye, wiki hii hamna mjinga yeyote anayekuja?" Ikawa ndiyo faida ya kwanza ya viongozi kuonekana kwa macho nchini humo. Paa lake hakuna aliyeliulizia, kwa sababu kiongozi anapiga picha na ng'ombe, hapigi na nyumba.

Asubuhi moja, Kashindye akaja anakimbia, suti imelowa.

"Hodi! Mama Nyamizi, hodi! Nasikia ng'ombe ana uchungu?"

"Anao," sauti ikajibu kutoka zizini.

"Mama, asizae! Ndama wa Ng'ombe wa Taifa hawezi kuzaliwa hivihivi. Mheshimiwa Bulugu anakuja Alhamisi kumzindua rasmi. Kabla ya hapo ndama hayupo, na asipokuwepo haruhusiwi kunyonya. Ndiyo agizo. Mwambie ng'ombe ajibane mpaka Alhamisi!"

Mara zizini kikasikika kilio chembamba, kipya, kama mlango unaofunguliwa mara ya kwanza.

Nyamizi akatoka. Damu mpaka viwikoni, jasho usoni, na wembe mkononi. Nyuma yake kitu kidogo chenye maji maji kilikuwa kinajaribu miguu yake, kinaanguka, kinasimama, kinatafuta chuchu, na kikaipata.

"Mwambie Waziri aje tu," alisema Nyamizi, anapangusa wembe kwenye khanga. "Aje na geti kubwa, mzazi ana njaa. Ila mkasi aache kwake. Kitovu nimeshakata."